Nafasi ya Betri ya Pili

Betri ilikuwa moja, lakini kamera ilisema ziko mbili.

Zuena alikifuta kioo kwa ncha ya mtandio wake akatazama tena. Alama za betri zilikuwa mbili vilevile. Ya kwanza ilionyesha asilimia themanini na mbili, na hiyo ilikuwa haki yake. Ya pili ilionyesha mia. Akafungua kimlango cha gripu, akachungulia. Aliiona betri yake ileile ya siku zote, na pembeni yake nafasi tupu. Alipoingiza kidole alikuta ndani mna uvuguvugu, na kidole kilipotoka kilinuka pembe iliyoungua.

"Ndiyo vitu vya bei poa," alijisemea, akafunga.

Hilo lilikuwa kosa lake la pili. La kwanza alilifanya asubuhi ileile, dukani kwa Ghalibu.

Tuseme kweli, Zuena hakuhitaji gripu. Gripu ni kishikio kinachofungwa chini ya kamera. Hubeba betri mbili badala ya moja, na kina kitufe chake cha kupigia, ili mpiga picha akiisimamisha kamera asiupinde mkono. Alichohitaji ni betri ya pili. Lakini watu wa Tabora wana ugonjwa wao, hupima picha kwa ukubwa wa kamera. Zuena alikuwa na kamera ndogo na jicho kali, na akina mama wa maharusi walikuwa hawajui kuona jicho. Walimtazama mkononi wakaguna. Mmoja alimwambia mbele za watu, "Mwanangu, hiki si hata simu ya shemeji yangu inakishinda?" Basi akaapa kwamba kamera yake lazima inenepe. Betri ingesubiri harusi mbili tatu zipite.

Ghalibu, mzee wa Kiarabu ambaye babu zake waliuza vitambaa na yeye anauza chaja, alimpangia gripu tatu mezani. Ya kwanza ilitoka kiwanda kilekile cha kamera, na bei yake ilimfanya Zuena acheke. Ya pili ilikuwa mpya, ya kuigiza, nyepesi, ukiitikisa inachezacheza, na skrubu yake ya plastiki isingemaliza mwezi. Ya tatu ilikuwa imetumika. Haikuandikwa jina popote, lakini ilikuwa nzito, skrubu ya chuma, raba haijabanduka, kitufe kinaitika kwa kuguswa tu. Na ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko zote.

"Hii ina kasoro gani, Ami?" Zuena aliuliza.

"Haina kasoro. Ila chukua na betri ya pili."

"Nitakuja kuichukua siku nyingine."

"Ichukue leo, nitakupunguzia. Hiyo nafasi usiiache wazi, binti yangu."

Zuena alitabasamu tu. Muuzaji akianza kukubembeleza, shika mkoba wako. Alinunua gripu peke yake, akaking'oa kimlango cha betri cha kamera, kwa kuwa gripu haiingii mpaka kimlango hicho kitoke, akaifunga palepale. Akarudi nyumbani Isevya kifua mbele.

Mama yake, Bi Semeni, alikuwa uani anachambua mchele. Mwanamke huyu alimlea Zuena peke yake kwa kukaanga vitumbua tangu mume wake alipofariki, na kamera hiyohiyo ilinunuliwa kwa vitumbua. Zuena hakuwa na mtu mwingine duniani.

"Mama, nitazame."

Aliisimamisha kamera akabonyeza kitufe cha gripu. Mama aliguna, akaushika mgongo.

"Vipi tena?"

"Sijui. Kama mtu kanitwika mzigo."

"Umekaa sana hapo chini, Mama."

"Labda," alisema Mama, lakini hakuweza kunyanyuka mpaka aliposhikwa mkono.

Wiki mbili zilizofuata Zuena alifanya kazi kuliko mwaka mzima uliopita. Alipiga harusi Lusu, kipaimara Ulyankulu, mahafali hapo mjini. Hakuna aliyeguna tena. Picha zilitoka safi mno, na kamera haikuzimika hata mara moja. Kila jioni alama ya pili ilikuwa imeshuka hadi asilimia mbili au tatu. Kila asubuhi ilikuwa mia. Hakuichaji, maana hapakuwa na cha kuchaji.

Na kila asubuhi Mama alikuwa amepungua. Alianza kwa kuinama. Kisha akashika fimbo. Kisha akashika kitanda. Hospitali walimpima presha, sukari na malaria, wakasema ni uzee. Uzee gani wa miaka hamsini na minane?

Hapa tusimpambe Zuena. Alijua. Siku ya nne tu alikuwa ameshajua, kwa sababu siku alizopiga picha nyingi Mama alikuwa hoi, na Jumapili moja isiyokuwa na kazi Mama alifagia ua akaimba. Binti alikaa jikoni akamsikiliza mama yake anaimba, na Jumatatu akaibeba kamera akaenda kazini. Alijiambia, Jumamosi hii tu, basi. Aliona aibu, na aibu haikumzuia. Mimi simsamehe kwa hilo.

Jumanne ya wiki ya tatu, saa saba mchana, jua la utosi, Isevya nzima imejifungia ndani kwa joto, Zuena alisikia kitufe kikibonyea. Kacha. Sauti ilitoka chumbani kwa Mama. Kamera alikuwa ameiacha sebuleni aliporudi kazini, ndani ya begi, zipu imefungwa. Kacha. Akaenda taratibu, akasukuma pazia. Mama alikuwa amelala kifudifudi, macho wazi.

"Zuena," alinong'ona Mama, "mtoe."

"Nani, Mama?"

"Huyu niliyembeba. Tangu alfajiri natembea naye na hataki kushuka."

Zuena alirudi sebuleni, akafungua begi, akaiwasha kamera, na pale kwenye kioo aliiona ile alama ya pili ikiwa thelathini na nane, kisha kacha ikasikika chumbani na Mama akaguna na alama ikapanda ikawa arobaini, kisha kacha tena na guno tena na arobaini na tatu, na harufu ya pembe iliyoungua ikajaa nyumba mpaka ikamkaba koo, na ndani ya gripu, pale pasipo na kitu, kitu kikajigeuza, polepole, kama anavyojigeuza mtu aliyeshiba anapotafuta upande mzuri wa kulalia.

Aliitupa juu ya kochi akakimbia hadi dukani kwa Ghalibu, kandambili moja mguuni.

"Umeniuzia nini?"

Ghalibu alifunga mlango wa duka kwanza. Akashusha sauti. "Aliileta kijana wa Urambo. Hana miaka thelathini, na aliingia hapa ameinama, ananiangalia viatu. Alipoiweka juu ya meza akanyooka, akalia. Hata pesa hakuchukua. Mimi niliiziba ile nafasi kwa karatasi, ikatulia mpaka nilipoitoa nikuonyeshe."

"Na ukaniuzia!"

"Ilikuwa dukani kwangu, binti. Nina wajukuu." Hakumtazama usoni. "Nilikuambia ichukue na betri. Nenda Puge kwa Bi Kashindye. Nenda leo."

Bi Kashindye alikuwa mganga wa miaka tisini na ushee, Mnyamwezi, mkavu, macho angavu. Zuena alipiga magoti, akasema shikamoo, akaitikiwa. Akasimulia yote, hata ile Jumapili. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho bila kumhurumia.

"Huyo ni wa njia," alisema. "Tangu misafara ya pembe inapita huku kwenda pwani, yumo. Hajawahi kutembea kwa miguu yake. Watu wetu walibeba mizigo ya wenyewe na yeye juu yake, mmoja akifa anapanda kwa mwenzake. Wewe umemng'olea mlango, umemwekea kiti, ukamwonyesha mgongo wa mama yako."

"Nifanye nini, Bibi?"

"Usifanye kitu. Usizibe, usichome, usitupe. Huyo hafukuzwi, anateremshwa, na anayemteremsha lazima amwonyeshe pa kwenda. Asipoonyeshwa, hujitafutia mwenyewe. Dawa yake nitaichimba Alhamisi. Ijumaa nitakuja."

"Hatafika Ijumaa, Bibi. Mama hatafika."

"Na usipige picha. Mama yako atafika. Ukiigusa hiyo nafasi, hatafika."

Zuena aliitikia. Akarudi nyumbani usiku, akakesha ameshika mkono wa Mama. Jumatano yote hakupiga picha hata moja. Lakini mchana sauti ilianza tena chumbani, safari hii bila kupumzika, kacha, kacha, kacha, na Mama akawa hawezi hata kuguna. Midomo ilikuwa imekauka. Alitazama juu kama mtu anayepanda kilima asichokijua kina mwisho gani. Zuena alivumilia hadi alasiri. Kisha hofu ikawa hasira, na hasira ikaona njia fupi. Si karatasi tu ilimtuliza?

Ghalibu alimpa betri bure, tena ya kiwandani.

Alikaa sakafuni sebuleni akafungua gripu. Betri ilikataa kuingia. Aliisukuma kwa kidole gumba, ikasukumwa kurudi, akaisukuma kwa viganja viwili, akaikandamiza kwa goti, huku akilia na kulitaja jina la Mungu na kumtukana huyo aliyemo kwa matusi ambayo hakujua kwamba anayajua, na kule chumbani sauti ikaenda mbio hadi ikawa mlio mmoja mrefu usiokatika, na harufu ikamtoa machozi, na gripu ikamchoma magotini, na yeye hakuachia, hakuachia, mpaka betri ikaingia na kimlango kikafunga.

Kukawa kimya.

Kioo kilionyesha betri mbili, moja themanini, moja tisini na tisa. Harufu ilikuwa imekwisha. Zuena alitambaa hadi chumbani. Kifua cha Mama hakikupanda wala kushuka. Akahesabu mpaka kumi, mpaka ishirini, akafungua mdomo apige yowe, na Mama akavuta pumzi moja ndefu, akaketi.

"Nina njaa," alisema Mama.

Zuena alimkumbatia akalia kwa sauti mpaka majirani wakaja. Alhamisi nyumba ilijaa watu. Mama alikula ugali wa watu wawili, akaomba mwingine. Alikaa kwenye kiti kikubwa cha sebuleni, akaletewa maji, akaletewa kigoda cha miguu, akaletewa mto. Akitaka kitu alinyoosha kidole tu. Aachwe adeke, walisema wanawake, amerudi kutoka mbali. Zuena alimtumikia siku nzima kwa furaha, na alipolala usiku huo alimshukuru Mungu, akajisifu kidogo.

Ijumaa baada ya swala Bi Kashindye alifika na fimbo yake na kifurushi cha mizizi. Wanawake waliokuwa barazani wote walipiga magoti mikekani kumpa shikamoo, naye akawaitikia mmoja mmoja. Zuena alimkimbilia mlangoni.

"Bibi, nisamehe, niliiziba. Lakini mwone! Mama amepona!"

Bi Kashindye alimpita. Aliingia ndani. Bi Semeni alikuwa kitini, mikono juu ya magoti, hakuinuka kumpokea mgeni wala kutingisha kichwa. Wakatazamana. Yule bibi alimtazama kwa muda mrefu, kisha kifurushi kikamponyoka. Akaiweka fimbo chini. Akayakunja magoti yake makavu, moja baada ya jingine, mpaka yakagusa sakafu mbele ya mwanamke ambaye angeweza kuwa binti yake wa mwisho, akainamisha kichwa.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba, mjukuu wangu," aliitikia Mama.