Zulekha Aliulizwa Mara Tatu

"Nani Daud?"

Aziz alisimama mlangoni na simu ya dadake mkononi, kidole kikipandisha ujumbe mmoja baada ya mwingine. Zulekha alikuwa ameketi kitandani, mgongo ukutani. Dirisha la chumba kile, katika mtaa wa Tuwan mjini Kitale, lilikuwa na vyuma, na tangu Jumatatu ufunguo wa mlango ulikuwa unalala mfukoni mwa Aziz.

"Nauliza, nani Daud?"

"Si umeshasoma? Niambie wewe."

"Usinijibu hivyo. 'Leo nimehesabu mia moja na kumi na wawili. Natamani ungekuwa hapa.' Mia moja na kumi na wawili nini?"

"Korongo weupe."

"Ati?"

"Korongo. Wanakimbia baridi ya Ulaya. Desemba wanafika huku, Machi wanarudi kwao. Mimi nahesabu wa kinamasi chetu, Daud ni fundi wa baiskeli Webuye, anahesabu wa huko, kando ya mto Nzoia. Tunaandikiana."

Aziz akacheka kwa pua.

"Msichana wa miaka ishirini na nne, mchumba wa mtu, anazurura vichakani na darubini akiandikiana na fundi wa baiskeli! Tutaficha nyuso wapi?"

"Nyuso hazina shida, kaka. Mnachoficha ni ile picha."

Hapo Aziz akaishusha simu.

Picha yenyewe Zulekha aliipiga Jumatatu asubuhi, katika matembezi yake ya kila siku. Kando ya shamba la nyanya alilolikodi Ubaid, mchumba wake, korongo tisa walikuwa wamelala chali, wengine bado na panzi midomoni. Hatua kumi mbele kulikuwa na pakiti tupu za sumu ya panzi, ile iliyopigwa marufuku zamani, zimebandikwa stika mpya ya duka la Ubaid la pembejeo. Na mtaro wa shamba lile humwaga maji kinamasini, na kinamasi huteremkia kisima cha wanawake wa Tuwan.

Alituma picha kwa kikundi chao cha WhatsApp, cha watembezi wanaohesabu ndege. Adhuhuri Ubaid alikuwa ameiona. Alasiri alikuwa sebuleni kwa Baba, anaomba harusi isogezwe. Ilikuwa ifanyike baada ya Idi. Sasa ikawa Ijumaa hiyohiyo. Hakuna aliyeuliza haraka ya nini. Aziz ndiye msimamizi wa dukani kwa Ubaid, na anayekulisha katika mji huu hukodi na macho yako.

"Futa hiyo picha mwenyewe, uwaandikie kikundi kwamba ulikosea, nikurudishie simu," Aziz alisema.

"Sifuti."

"Basi utaolewa bila simu. Mke hashtaki mumewe."

Mlango ukafungwa. Zulekha akasikia ufunguo ukizunguka mara mbili.

*

Jumatano, Nasro binamu yake aliruhusiwa kuingia kumpaka hina. Alikuja na simu yake ameifunga kwa kitambaa cha kichwa.

"Fanya haraka bana. Aziz yuko hapo nje anahesabu viti."

Alikuwa amemwarifu Daud angoje; simu haikulia hata mara mbili.

"Zulekha? Habali ya huko ndani?"

"Ni habari, Daud."

"Hiyo hiyo. Uko mzima?"

"Nimefungiwa. Kesho kutwa ni nikahi."

Zulekha akasikia spana ikianguka sakafuni.

"Nikuje saa hii?"

"Aziz atakuvunja mguu."

"Si niko na miwili."

Zulekha akacheka, na kicheko kikamgeukia kilio hapo hapo. Nasro akamshika bega, hina ikapakaa ukutani.

"Sikiza," Daud alisema. "Mimi sikukupenda kwa sababu ya ndege. Nilikupenda ile siku uko na tope mpaka magoti, unanifokea ati nisipumue."

"Ulikuwa unapumua kama ng'ombe."

"Korongo hawakuruka."

"Daud, nifanye nini?"

"Siwezi kukuambia ufanye nini. Nitakuambia ya babangu tu. Siku walikusanywa waambiwe kiwanda cha karatasi kinafungwa, waliulizwa nani ana neno. Mzee alikuwa na neno. Akaogopa. Mpaka anakufa alikuwa analisema jikoni, peke yake, sufuria ndizo zinasikia. Mimi nimekulia kwa hilo jiko, Zulekha. Usiniletee lingine."

"Nasro!" Aziz aliita kutoka uani. "Hina gani hiyo haikauki?"

*

Alhamisi mchana akaja Ubaid mwenyewe, manukato yamemtangulia mlangoni. Nyuma yake kibarua wa shamba amebeba gunia. Akalifungua sebuleni, mbele ya Zulekha aliyeitwa atoke chumbani, akatoka korongo taji, yule mwanamfalme wa kichwa cha dhahabu, miguu imefungwa kwa kamba ya katani.

"Nimekuletea mwenzako," Ubaid alisema, uso umemnawiri. "Wenye pesa zao wote hapa Kitale wanafuga. Utamtazama uani kwako. Hakuna tena haja ya kwenda kutembeatembea."

Zulekha alipiga magoti. Manyoya ya ubawa mmoja yalikuwa yamekatwa sawasawa, kama nywele za mtoto wa shule.

"Nani alimkata?"

"Lazima akatwe. Si ataruka?"

"Hawa huishi wawili wawili, Ubaid. Mwenzake yuko wapi?"

"Sasa wewe! Mtu anakupa zawadi, unauliza ukoo wake?" Akainama, akashusha sauti. "Ile picha itoke leo. Ukishakuwa mke wangu mambo ya nyumba hayaendi WhatsApp."

"Na maji ya kisima?"

"Wanawake wa Tuwan wameshakunywa mabaya zaidi."

Alisema hivyo kwa upole kabisa, kama mtu anayetaja bei. Baba alikuwa amekaa pale pale, kikombe cha chai mkononi. Alitazama chai.

*

Ijumaa baada ya Alasiri nyumba ilijaa. Wanaume walikuwa sebuleni na shekhe, wanawake uani na masufuria. Mama alimfunga Zulekha mtandio, pini mdomoni.

"Baba atakuja na mashahidi wawili. Watakuuliza kama umeridhia. Wewe inamisha kichwa, usiseme kitu. Mwari akinyamaza ameridhia. Akijibu ndiyo, watu wataona hana haya."

"Na akitaka kusema hapana?"

Mkono wa Mama ukasimama hewani. Kisha ukaendelea kufunga, ukafunga vibaya, ukafungua.

Hodi ikapigwa. Baba aliingia na wazee wawili. Aziz akajipenyeza nyuma yao. Mzee mkubwa akakohoa.

"Zulekha, mwanangu. Umeridhia tukuozeshe Ubaid?"

Zulekha akafungua mdomo, hakikutoka kitu.

"Umeridhia tukuozeshe Ubaid?"

Aliwaza kisima. Aliwaza sufuria za jikoni Webuye. Kichwa kilikuwa kizito kwa pini, kikainama chenyewe.

"Amenyamaza!" Aziz alisema. "Twendeni, shekhe anangoja."

"Desturi yetu ni mara tatu, kijana. Usinifundishe. Zulekha, umeridhia tukuozeshe Ubaid?"

"Sijaridhia."

"Ni haya tu hiyo, mzee, anaona a—"

"Si haya! Sijaridhia!" Sauti yake ilipita vyuma vya dirisha ikatua uani, miko ikatulia sufuriani. "Ubaid hatafuti mke! Anatafuta mdomo wa kufunga! Ameweka sumu kwa maji yenu, na picha niko nayo, na siifuti!"

Aziz aliinua mkono. Haukushuka. Mama alikuwa ameshasimama katikati, mwembamba, pini bado mdomoni. Akazitema kiganjani.

"Rudisha huo mkono."

"Mama, anatuaibisha!"

"Mimi nami niliulizwa hivi hivi, kwetu Bungoma. Mara tatu. Nikanyamaza kwa sababu niliambiwa ninyamaze. Miaka thelathini watu wanasema niliridhia. Hakuna aliyerudi kuniuliza tena."

Mzee mkubwa alivua kofia, akaivaa tena.

"Binti amekataa," akamwambia Baba. "Hakuna nikahi hapa. Mimi siwezi kushuhudia nisichokisikia, wala kukana nilichokisikia."

Huko uani wanawake walikuwa wameanza, sauti zikipanda: kisima kipi, sumu gani, mwiteni huyo Ubaid atueleze. Mlio wa gari la Ubaid ukasikika likirudi kinyumenyume kwa haraka, viti vikianguka.

Baba alinyoosha kiganja kwa Aziz. "Simu."

"Baba, kazi yangu je?"

"Simu, na ufunguo."

Akampa Zulekha vyote viwili. Hakumtazama usoni, macho yake yalikuwa kwa mkewe tangu lile neno la Bungoma.

"Mwambie huyo fundi wa Webuye ambaye Aziz ameniambia habari zake," alisema polepole, "akitaka kitu hapa, aje na wazee wake. Mchana. Aingie mlango wa mbele. Nitamuuliza maswali yangu, nawe nitakuuliza yako."

Zulekha akamwandikia Daud: "Nimesema. Wote wamesikia. Njoo na wazee wako."

Jibu likaingia kabla hajaiweka simu chini: "Nafunga duka sasa hivi."

Mashahidi walikuwa wametoka. Aziz pia. Baba bado alisimama pale, amekuwa mfupi ghafla.

"Mama Aziz," akasema. "Kumbe hukuniridhia?"

Mama aliokota pini moja iliyoanguka, akajifuta mikono kwa kanga.

"Pilau inaungua," akasema. "Wageni wale kwanza. Wakiondoka, kaa chini uniulize vizuri."