Sauti Isiyojitaja

Wananchi watukufu na watangaziwe kwamba Jumamosi hiyo Mheshimiwa Yunia Momanyi, bingwa wa mizaha, alizuru mashamba ya chai karibu na Kaplong. Ukweli ni kwamba alikuwa akiburura kikapu nyuma ya mama yake, na kiatu chake kimoja kilikuwa kimebaki matopeni.

Ukungu ulikuwa mzito hata wachumaji hawakuonana. Walisikia tu majani yakikatika. Shamba hilo lilikuwa na mwiko wake: anayeita ndani ya ukungu sharti ajitaje kwanza. Kinachoita bila kujitaja si mtu, na hakiitikiwi.

"Muuguzi Loice amefika kituo cha kupimia majani na mashine ya presha," alisema Nyanchama, mama yake Yunia. "Nitapimwa kabla ya kupeleka majani."

"Presha ni ya matajiri!" Mama Calvince alijibu kutoka mstari wa pili. "Mimi siumwi hata ukucha."

"Twende basi tuone utajiri wako umefika wapi."

Wakacheka. Yunia hakuweza kujizuia. Alinyata hadi upande wa kituo, akajikunyata kati ya michai, akaikunja sauti yake ikawa nyembamba kama upepo wa mlangoni.

"Nyanchamaaa..."

Kicheko kikakatika.

"Usiitike," Mama Calvince alinong'ona. "Inatoka kule kwa mashine. Ile kitu inayobana watu mkono! Mimi siendi."

"Hata mimi siendi," alisema Nyanchama.

Yunia aliuma mkono wa sweta asije akacheka.

Aliporudi, mikono ya mama yake haikusikika tena ikichuma. Alimkuta ameketi chini, kikapu kimepinduka, macho yamekodoka.

"Yunia, ni wewe? Sikuoni. Kichwa kinapasuka."

"Saidieni!" Yunia alipiga kelele. "Njooni!"

Hakuna aliyejibu. Hata jani halikukatika. Wanawake walikuwa hapo hapo, wamebana pumzi, wakiiogopa sauti yake.

"Ni mimi, Yunia! Mama ameanguka!"

Kisha Mama Calvince akauliza, polepole, "Kama wewe ni Yunia, ni nani aliyeita kule kituoni?"

"Ni mimi pia! Nilikuwa nawatisha! Hakuna jini, ni mimi tu! Tafadhali njooni!"

Ukungu ulipasuka kwa miguu ikikimbia. Walimbeba Nyanchama hadi kituoni, Loice akamfunga mkanda wa mashine mkononi, akatazama namba, akaita gari la kwenda hospitalini mara moja.

Nyanchama aliwahi matibabu. Alirudi nyumbani baada ya siku chache, akiwa na dawa za kumeza kila siku.

Siku hiyo ya kurudi, Loice alipima watu wa laini yote ya nyumba za wachumaji. Presha ya Mama Calvince nayo ilikuwa juu.

"Lakini siumwi popote!" alilalamika.

"Wengi hawaumwi, mama. Ndiyo maana tunapima," Loice alisema. Kisha akamgeukia Yunia, aliyekuwa ameinamisha kichwa. "Ugonjwa huu hunyemelea mtu mzima kimya kimya mpaka umwangushe. Mama yako alikuwa amepanga kuja kwangu ulipomtisha. Ungechelewa kusema kweli, tungempoteza."

"Nisamehe, Mama," Yunia alisema, na safari hii hakukuwa na mzaha hata chembe.