Lango Lililowashinda Wenye Mikuki

Siku mbili baada ya Krismasi, lango la ngome halikuwepo. Chini ya turubai, mahali lilipolazwa kumsubiri seremala, palibaki vumbi tu.

Ngome yenyewe ilikuwa jumba la kale la udongo nje kidogo ya Riyadh, lenye kuta nene na minara minne. Kwa karne tano mbao za lango lile ziliwazuia maadui wenye mikuki. Mwenye ngome, Baba Sulaiman, aliyeishi Al-Hamra kule Jeddah, alilia kwenye simu kama mfiwa.

Mlinzi, Mkenya aitwaye Onesmus, alishamtaja mwizi: Japheth, kibarua mwenzake aliyesaidia kulishusha lango. Japheth alikuwa korokoroni, akingoja kurudishwa Kenya mikono mitupu.

Inspekta Suhail, ambaye bibi yake alikuwa Mzanzibari, alimhoji mlinzi kwa Kiswahili.

"Ulimuona Japheth kwa macho yako?"

"Ndiyo, bosi. Krismasi mchana. Alikuja na pikapu."

"Peke yake? Lango la kubebwa na watu sita?"



Suhail akazunguka ua. Nyuma ya mnara mmoja alikuta jivu jingi na mifupa ya mbuzi. Akalichambua kwa kijiti, akaokota msumari mkubwa wa chuma wenye kichwa kipana, sawa na misumari iliyoonekana kwenye picha ya lango aliyopewa. Akauweka kiganjani mwa Onesmus.

"Haya, huu umefuata nini huku?"

Mlinzi akakaa chini.

"Niliita vijana wenzetu wa mtaa wa Batha, bosi. Choma ya Krismasi. Nilikuwa nimejigamba sana. Makaa yakaisha, nyama bado mbichi, watu wananiangalia tu. Nikachomoa ubao mmoja wa nyuma, nikasema hakuna atakayejua. Lakini pengo likaonekana."

"Ukazichoma mbao zote."

"Zote. Na mimi ndiye huwaeleza wageni historia ya hilo lango."

"Kwa nini Japheth?"

"Alikuwa na homa, amelala peke yake, hana shahidi. Wengine wote walikula." Akafunika uso. "Aibu mbele ya wale niliowaalika ilinishinda, bosi. Hii ya sasa sijui nitaiweka wapi."

Jioni walipishana kwenye korido ya kituo, Onesmus akiwa na pingu, Japheth akitoka.

"Nisamehe, ndugu yangu."

Japheth alimtazama.

"Lakini nyama iliiva?"

"Iliiva," Onesmus akajibu, na hakuweza kuinua uso.