Misumari Kwenye Bonde la Bati

Bi Sweta alikutwa amekufa kitandani saa mbili asubuhi, mablanketi mawili juu yake na sweta tatu mwilini. Mtaa mzima ulimwita hivyo. Hata jua likiwaka, yeye alikuwa anajikunyata.

Aliyemkuta ni binti yake mkubwa, muuguzi, aliyepita kumletea dawa za presha. Aligonga, akaita, akazunguka mpaka dirishani. Mwisho akavunja kitasa.

Inspekta alifika na Koplo. Inspekta alikuwa mwanamke wa makamo, mpole wa sauti, wa kuuliza swali moja kisha kusubiri mpaka mtu achoke kunyamaza.

Chumba kilikuwa safi. Hakukuwa na damu, wala kitu kilichoibwa. Kwenye kona palikuwa na jiko la chuma la mkaa, bomba lake la moshi likipanda mpaka darini. Majivu yalikuwa bado vuguvugu.

Daktari wa polisi aliinua kope za marehemu, kisha akaangalia kucha.

"Unaona wekundu huu? Hewa ya mkaa. Nitapima damu, lakini nakwambia mapema."

"Jiko lina bomba."

"Basi bomba halikufanya kazi yake."

Inspekta alifungua kabati. Katikati ya nguo palikuwa na boksi lililofungwa kwa shuka jeupe. Ndani yake hita ya umeme, mpya kabisa, waya bado umefungwa kama ulivyotoka dukani.

"Hii ya nani?"

"Mdogo wangu alimletea," alisema muuguzi. "Kitinda mimba wetu. Fundi viatu." Akafuta macho kwa kiganja. "Afande, msipoteze muda. Aliyemuua mama ni fundi paa. Mwezi uliopita nilimleta abadilishe mabati na kuweka pamba ya kuzuia baridi juu ya dari. Kaja kutuulia mzazi."

Koplo akaagizwa juu.

"Mimi na ngazi tulikosana zamani, afande," alisema, lakini akapanda. Baada ya muda sauti yake ikashuka. "Bomba limekatwa usawa wa bati. Shimo limezibwa na kipande kingine cha bati, kimekazwa vizuri tu."

Kabla ya saa sita fundi paa alikuwa mahabusu. Majirani walikuwa wameshamchania shati.

"Ulikata bomba?" Inspekta alimuuliza.

"Sijakata."

"Limekatwa."

"Sio mimi, afande. Mimi naezeka paa mwaka wa ishirini na mbili huu. Nikikata bomba la jiko la mtu, si bora ninywe sumu mwenyewe?"

"Binti wa marehemu anasema uliziba kila tundu."

"Aliniagiza yeye. Alisema mama yake anaganda. Nikajaza pamba mpaka kwenye kingo za paa, kule upepo ulikokuwa unapita. Lakini nilimwambia kwa mdomo wangu huu: nyumba ukiiziba hivi, bomba ndiyo pua yake. Lisiguswe. Muulize."

Inspekta alimuuliza. Muuguzi aliangalia viatu vyake.

"Ndiyo. Alisema."

"Nani mwingine aliambiwa?"

"Hakuna. Niambie nani tena?"

Kesho yake asubuhi Inspekta alimpandisha fundi paa juu ya nyumba, mkono mmoja umefungwa pingu na mkono wa Koplo. Koplo alikuwa anatembea kwa makalio.

"Afande, nikianguka huyu nami."

"Nami sina haraka ya kufa," alisema fundi. "Kanyaga pale penye mbao, utapona."

Walipofika kwenye kiraka, fundi alichuchumaa, akacheka bila furaha.

"Angalia, afande. Bati lina mgongo na bonde. Maji yanapita wapi?"

"Bondeni."

"Sasa msumari unapigwa wapi? Mgongoni, ili maji yasiufikie. Hata mwanafunzi wangu wa siku ya kwanza hawezi kukosea hapa. Huyu kapiga yote bondeni, tena imepangana kama uzi wa cherehani. Ana mkono mzuri, sikatai. Ila paa halijui."

"Na wewe ungefanyaje?"

"Bomba likivuja pembeni halikatwi. Unalivika kola ya bati. Ukingo wa juu wa kola unaingia chini ya bati, wa chini unakaa juu yake, halafu unaziba nyufa kwa lami. Kazi ya nusu siku. Bibi aliniambia kuna tone linamdondokea kitandani, nikamwahidi nitarudi. Nilipata kazi nyingine. Sikurudi."

Inspekta aling'oa msumari mmoja. Chini ya kichwa chake palikuwa na kiduara cheusi cha mpira, kimekatwa sawasawa. Aling'oa mwingine. Kiduara kilekile. Alikigeuza. Upande wa chini kilikuwa na vimistari vya soli ya kiatu.

Alimfungua fundi pingu hukohuko juu.

Kibanda cha fundi viatu kilikuwa mlangoni mwa soko. Mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kigoda, kiatu cha kike mapajani, sindano mkononi. Macho yalikuwa yamevimba. Alikuwa anashona soli.

"Pole na msiba, kijana."

"Asante, afande. Karibu."

"Na leo unafanya kazi?"

"Nikikaa nyumbani nawaza."

Inspekta aliangalia uzi unavyoingia. Fundi alikuwa amechimba mfereji mwembamba kuzunguka soli, na kila mshono aliufukia humo.

"Mbona unashona ndani ya mfereji?"

"Ukishona juu, uzi unasagika barabarani. Mshono lazima ujifiche bondeni ndiyo udu—"

Maneno yalimkatika hapohapo. Inspekta alikuwa ametoa kile kiduara cha mpira na kukiweka juu ya meza, karibu na kipande cha soli nyeusi chenye matundu ya mviringo. Kiduara kiliingia kwenye tundu bila kubaki nafasi.

Alisubiri. Watu walipita na vikapu. Mteja mmoja aliulizia sandali zake, Koplo akamwambia arudi kesho.

"Fundi paa ametoka?" aliuliza kijana.

"Ametoka leo."

"Afadhali." Aliweka sindano chini. "Nilitaka kusema tangu jana. Nilivyoona mnambeba mama, nikaangalia juu, nikajua. Nikafungua mdomo, nikamsikia dada anamtaja fundi. Nikaufunga. Siku nzima nimeufunga, na mtu wa watu wanampiga."

"Kwa nini ulipanda?"

"Lile tone. Kila mvua ikinyesha mama anasogeza kitanda, anaweka bakuli. Dada kaleta mabati, kaleta pamba, kaleta fundi. Mimi nimeleta nini? Nikasema hili tone ni langu. Hili moja tu nilimalize kwa mkono wangu."

"Hukuwaza jiko?"

"Nilimuuliza, afande. Haki ya Mungu nilimuuliza. Nikamwambia, mama, bado unawasha mkaa? Akasema, wa nini tena, na hita ya mwanangu ninayo? Akasema inamchoma mpaka anaisukuma kwa mguu. Basi nikaona bomba halina kazi. Nikalikata."

Inspekta alifikiria amwambie au asimwambie. Mahakamani angesikia tu.

"Hita ilikuwa kabatini. Imefungwa shuka. Haijawahi kuwashwa."

Kijana alimwangalia muda mrefu kama mtu aliyeambiwa kitu cha kijinga.

"Alikuwa anaitunza," alisema mwisho. "Isichakae. Mkaa atakuwa aliuwashia nje mpaka unakuwa mwekundu, ndipo anaumwaga ndani. Hivyo hautoi moshi. Hakuona chochote."

Alijifuta mikono, akafunga kibanda mwenyewe, akampa Koplo ufunguo.

Kituoni aliandika maelezo yake kwa mwandiko mdogo mdogo. Kosa lilisomeka kuua bila kukusudia. Alipotia sahihi, dada yake aliingia. Hakuna aliyemsalimia mwenzake.

"Fundi alikwambia bomba lisiguswe?" kijana aliuliza.

"Aliniambia."

"Mbona hukunipa habari, dada?"

Muuguzi alikaa kwenye benchi, mkoba kifuani.

"Nilisema moyoni, paa halikuhusu. Hujachangia hata msumari. Nikasema, nimwambie ya nini?"

Koplo alijifanya anatafuta kalamu.

"Jumapili mama alinipigia simu," dada aliendelea, polepole. "Akaniambia, mwenzio kapanda juu, tone limekwisha, nimelala pakavu. Alikuwa na furaha, mdogo wangu. Kwa mabati yangu hajawahi kufurahi vile. Nikaona wivu. Sikumuuliza umepanda kufanya nini. Nikamwambia nina wagonjwa, nikakata simu."

Inspekta aliyaandika na hayo, neno kwa neno, ingawa hakujua kosa la kuyaandikia.