Koti Lisilo na Mgongo

Kitendawili: mbele waziri, nyuma mtoto anayesubiri kuogeshwa. Usikimbilie kutoa mji. Jibu lake lilining'inia msumarini katika studio ya Mama Picha, nyuma ya kituo kikuu cha mabasi, pale watu wanapopigana vikumbo tangu asubuhi. Lilikuwa koti jeusi, kola imenyooka, tai nyekundu imeshonewa papo hapo. Mgongo tu ndio halikuwa nao. Mama Picha alilipasua kuanzia shingoni hadi pindoni akatia kamba tatu, ili mnene aenee na mwembamba asielee. Watafuta kazi wa mji mzima walipigwa picha ndani ya koti hilo, na mabosi waliopokea barua zao hawakujua kwamba wanatazama koti moja mwaka wa tano.

Na kwa kuwa hakuna binadamu mwenye mikono ya kujifunga kamba mgongoni, studio ilikuwa na sheria yake: aliye nyuma yako kwenye foleni ndiye anayekufunga.

Siku hiyo nyuma ya kijana mmoja mrefu alisimama binti mfamasia, gauni la kijani, viatu virefu vya kuazima kwa dada yake vikimfinya kama vina kisasi naye. Kijana alivaa shati la bluu lililofifia kwa kufuliwa, lakini pasi ilikuwa imepita kila kona.

"Samahani dada, nifunge."

"Nikufunge kwa kosa gani?"

"Kutafuta kazi miezi minane."

"Lo! Hilo kosa kifungo chake ni maisha."

Foleni ikacheka. Binti akavuta kamba.

"Polepole, jamani! Nitatoka kwenye picha nimekata roho."

"Vumilia, bosi. Unafanya kazi gani ukiipata?"

"Nachora ramani za nyumba. Za watu lakini, mimi nimepanga."

"Mimi mfamasia. Dawa za watu. Nikiumwa nakunywa maji nalala."

"Kidevu juu, mawazo chini!" Mama Picha akapiga kelele, na mwanga ukawaka.

Ilipofika zamu ya binti, kijana hakuondoka. Alimfunga yeye, ingawa si sheria, na macho yalikuwa kwake, si kwenye kamba, hata fundo la katikati likafyatuka wakati ule ule wa picha. Koti likashuka bega moja. Binti akacheka meno yote thelathini na mawili, na picha hiyo yenye meno ndiyo aliyoipeleka kuombea kazi.

Mungu si Athumani. Haukupita mwezi, wote wawili wakaitwa. Kijana akapata meza karibu na dirisha katika ofisi ya wachora ramani, jengo la vioo. Binti akapata duka la dawa mkabala na hospitali, koti jeupe lenye mgongo wake kamili. Simu zikawa haziishi.

"Daktari wa vidonge, umekula?"

"Bado, mpenzi. Kuna mzee hapa anataka dawa ya mke mkali."

"Akipata, niwekee chupa mbili."

"Subiri uoe kwanza!"

"Kitendawili."

"Tega."

"Mgeni wangu huja mara moja kwa mwezi, haketi, haagi."

"Mshahara!"

Hivyo ndivyo walivyopendana mwaka mzima, kwa vitendawili na chai ya vikombe vya karatasi kwenye benchi la kituoni. Mwishowe kijana akasema anataka kwenda kwa mjomba, yule aliyemlea binti tangu wazazi wake walipofariki. Ikapangwa Jumamosi. Mjomba alikuwa mkaguzi wa mizani mstaafu, na tangu astaafu alibaki kupima watu.

"Aje," alisema. "Sina maneno mengi. Nitamuuliza moja tu: unafanya kazi wapi?"

Binti akatabasamu. Swali hilo aliliona jepesi kama pamba.

Jumatano ya wiki hiyo akapata saa moja ya nafasi. Akafunga chakula vizuri, akapaka mafuta midomo, akaenda kumshtua mpenzi wake ofisini. Dada wa mapokezi akamtazama kwa huruma.

"Huyo? Mradi ulisimama, dada yangu. Walipunguzwa watu kumi na wawili. Huu mwezi wa tatu sasa."

Mwezi wa tatu! Na jana tu alimwambia kikao kimemchosha. Binti akatoa simu, mkono mmoja ukiwa bado na chakula cha moto.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Ofisini, laazizi. Meza imejaa makaratasi hata kikombe sioni pa kuweka."

"Meza yako ile ya dirishani?"

"Hiyo hiyo."

"Basi nipungie mkono. Mimi nimesimama mbele yake."

Upande wa pili, badala ya jibu, akasikia mwanamke anacheka, kicheko cha mtu aliye nyumbani kwake. Akakata simu.

Chakula alimpa mlinzi wa getini. Simu ikaita mara tisa siku hiyo, mara kumi na moja kesho yake. Aliilaza kifudifudi kama mgonjwa wa mgongo. Dada yake, mwenye viatu, akatoa hukumu bila kuulizwa: "Mwongo wa kazi ni mwongo wa wanawake. Mwambie mjomba Jumamosi isije."

"Jumamosi itakuja tu, dada. Asiyekuja ni yeye."

Alisema hivyo, lakini alikonda ndani ya siku mbili.

Ijumaa asubuhi mwenye duka akamwita. "Mkataba wako tunauongeza miezi mitatu mingine. Lete picha mbili mpya."

Hapa sasa, msomaji wangu, lazima nimvue binti yetu koti kidogo. Hii ilikuwa mara ya nne kuongezewa miezi mitatu. Lakini siku alipoanza kazi alimwambia kijana, "Nimeajiriwa moja kwa moja!" Hata kwa mjomba alisema hivyo hivyo, na mjomba akawaambia majirani. Neno likishatoka hivyo, utalirudisha kwa njia gani? Akalivaa tu, kila siku, na likamwenea.

Mchana akaenda studio. Foleni ile ile, msumari ule ule. Alipokuwa anangoja zamu akasikia kicheko. Ndicho! Damu ikampanda. Akaruka watu wawili, akafunua pazia la chumba cha nyuma.

Aliyecheka alikuwa Mama Picha. Kwenye kamba za kuanikia picha zilibanwa ramani: kibanda cha fundi viatu, vyumba viwili na baraza, saluni iliyojipenyeza kati ya kuta mbili. Mama mmoja mnene aliinamia meza. "Mwanangu, mlango utazame barabarani. Ukitazama kwa jirani yangu, yule atakula nami sahani moja kwa macho."

Na kijana, shati la bluu, rula mkononi, alikuwa anafuta mlango.

Akainua uso. Rula ikaanguka.

"Laazizi..."

"Usinilaazizi. Ungenidanganya mpaka lini?"

"Mpaka nipate ofisi nyingine."

"Na usingepata?"

"Nilitaka mjomba wako asikie jengo la vioo. Nani anampa binti yake mtu wa chumba cha nyuma?"

"Na mimi je? Mimi ni mjomba?"

Angeendelea, maana maneno alikuwa nayo ya siku mbili. Lakini fomu ya mkataba ilikuwa mkononi, imelowa jasho, na aibu ikamgusa bega. Akaiweka mezani, juu ya ramani ya saluni.

"Soma."

Kijana akasoma. Akarudia. "Miezi mitatu... mara ya nne? Wewe si uliajiriwa moja kwa moja?"

"Nilisema hivyo."

"Kumbe!"

"Kumbe na wewe!"

Mama mnene akatazama huku, akatazama kule, akavuta kiti akaketi. Hakuwa tayari kupitwa.

"Miaka yote hii nafunga watu kamba," Mama Picha akasema, "na kila avaaye koti langu anajua nyuma yuko wazi. Ajabu yenu, mnamwonea haya yule yule aliyewafunga."

Kijana akaokota rula. Akaigeuza geuza.

"Kitendawili," akasema kwa sauti ndogo.

Binti akaikunja fomu yake. Kisha, "Tega."

"Ni wangu tangu kuzaliwa, sijawahi kuuona. Wewe unauona kila nikiondoka."

Mgongo. Binti alijua kabla hajamaliza. Lakini viko vitendawili ambavyo mwenye akili hushindwa kwa kupenda.

"Sijui."

"Nipe mji."

"Mji sina. Nina chumba kimoja cha kupanga na kitanda kinacholia."

"Nakitaka hicho hicho. Pamoja na mwenyewe." Rula akaishika kwa mikono miwili. "Kama mwenyewe atakubali kumwoa... kuolewa na... Jamani, Mama Picha, nisaidie!"

"Amekubali, mwanangu. Tazama anavyolia."

Jumamosi kijana alikwenda kwa mjomba na shati lake la bluu na ramani tatu kwapani. Mjomba akamkaribisha chai, akapangusa miwani, akauliza lake moja.

"Unafanya kazi wapi?"

"Chumba cha nyuma cha studio ya picha, mjomba. Ofisini walinipunguza. Sasa nawachorea wenye viwanja vidogo."

Mjomba akamgeukia binti. "Ulijua?"

"La ofisini tangu Jumatano, la chumba tangu jana. Na mimi, mjomba, sijaajiriwa moja kwa moja. Nilikudanganya. Nisamehe."

Kijiko kikazunguka kikombeni muda mrefu, sukari ikiwa imekwisha yeyuka zamani.

"Nimekagua mizani miaka thelathini," mjomba akasema. "Mzigo mwepesi haunitishi. Inayonitisha ni mizani iliyofichiwa jiwe chini." Akanywa. "Wewe kijana, choo chetu kimezeeka. Unaweza kunichorea kipya?"

"Naweza, mjomba. Kiwe na dirisha?"

"Dirisha la nini? Kuna mtu anakwenda kutazama mandhari?"

Wakacheka wote watatu, na binti akaenda jikoni kuongeza maji ya chai, akasimama pale na birika mkononi, akamshukuru Mungu kwa vitu visivyoandikwa kwenye barua za kazi: foleni, kamba, fundo lililofyatuka.

Siku ya harusi kijana aliletewa suti nzima. Akaikataa kwa picha ya kwanza. Akalitaka lile la msumarini. Nyuma yake kwenye foleni alisimama mtu mmoja tu, gauni jeupe, na safari hii viatu vilikuwa vyake.

"Nifunge, mke wangu."

"Kwa kosa gani?"

"Wewe funga tu."

"Kidevu juu, mawazo chini!" akasema Mama Picha.

Picha iko ukutani kwao hadi leo. Wageni wakiitazama wanamwona waziri. Mkewe akiitazama anaona kamba tatu, na fundo la katikati, ambalo safari hii alilikaza vizuri.