Mfano wa Jumatano

Foleni ya kuhuisha vitambulisho ilikuwa imejipinda mara tatu ndani ya ukumbi. Watu wamebanana, watoto wanalia, feni imekufa. Ndipo mwanamume mwenye shati la mistari, amekumbatia karatasi za manila hadi kidevuni, akamgonga begani mwanamke aliyevaa gauni la zambarau lililomkaa utadhani limemwagwa juu yake. Karatasi zikatawanyika sakafuni.

"Baba, umekuja kupanga foleni au unahamia?" mwanamke akamuuliza.

"Samahani, dada. Ndiyo kazi yangu hii."

"Kazi ya kumwaga?"

Watu wakacheka. Mwanamke akainama, akamkusanyia, akachomoa pini kwenye ukosi wake akazibana. Fundi cherehani hakosi pini. Wakimbizi wenzake walimwita Sindano, na si kwa sababu ya kazi tu. Mdomo wake nao ulichoma. Mwanamume walimwita Manila. Naye alikuwa mkimbizi, ila alipata kibarua kwenye mradi wa kuwafundisha wenzake kuchambua matatizo ya jamii yao, na kujitambua: mtu ajue hasira yake inatoka wapi, na hofu yake inampeleka wapi.

"Njoo darasani kwangu," akamwambia.

"Nikajitambue? Mimi najijua, baba. Muulize jirani yangu."

Hata hivyo alikwenda. Akakaa safu ya tatu. Wiki ya pili simu zikaanza.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wewe umemwaga nini leo?"

"Moyo."

"Uokote basi, watu watateleza."

Basi wakapendana. Alasiri moja, anashona sare za shule huku simu imebanwa begani, Sindano akamwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Wote walimjua kama mjane mwenye binti mmoja wa miaka saba.

"Mume wangu hajafa," akasema. "Nilimkimbia. Mkono huu aliuvunja mara mbili. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto nilikishona ndani ya bitana ya koti lake, tukavuka mpaka. Ndugu zake wakijua nilipo, watakuja kumchukua. Na huyu mtoto ndiye roho yangu."

"Limezikwa hapa kifuani," Manila akajibu. Wala hakuwa anadanganya.

Jumatano iliyofuata, mkaguzi wa mradi alikuja, akakaa nyuma na daftari. Mkataba wa Manila ulikuwa unaisha mwezi uleule. Alishachora mti mkubwa ukutani: mizizi ndiyo sababu, shina ndilo tatizo, matawi ndiyo madhara. Akaomba watu wataje tatizo. Mmoja akasema, "Maji." Mwingine akapiga miayo. Mkaguzi akatazama saa.

Mdomo ukamtangulia Manila.

"Chukueni mfano. Kuna mwanamke mmoja, simtaji. Ni msusi, ana mtoto wa kiume..."

Alibadilisha kazi, akabadilisha na mtoto, akaamini amefunika. Lakini hadithi ilimnogea, watu wameinua shingo, na akafika kwenye cheti kilichoshonwa ndani ya bitana ya koti.

Darasa likaamka.

"Andika, sababu ni ukorofi wa mwanamke!" mzee mmoja akapaza sauti.

"Ukorofi wa mkono wa mume, mzee wangu, mbona unauruka?" mama mmoja akamjibu.

Kadi zikabandikwa mizizini, kadi zikabandikwa matawini. Kisha muuza mkaa akauliza huku anacheka, "Jamani, msusi gani huyo anayejua kutia bitana?"

Wakaangua kicheko. Kicheko kikafifia, vichwa vikaanza kugeuka, kimoja kimoja, kuelekea safu ya tatu. Sindano alikuwa anatazama mikono yake.

Mkaguzi akaandika: Ushiriki mzuri sana.

Siku tatu baadaye habari ilishavuka mpaka; simu ya Sindano ikalia, namba ngeni.

"Shemeji, hujambo? Kumbe mpo. Mtoto amekua?"

Manila alipofika chumbani kwa Sindano, alikuta kichwa cha cherehani kimefunguliwa, kimeviringishwa blanketi.

"Sikukutaja, mpenzi. Nilibadilisha kila kitu."

"Ulinibandika ukutani, watu wakanichambua mzizi kwa mzizi. Jina la nini tena?"

"Niliogopa. Yule mkaguzi..."

"Unafundisha watu wajue hofu yao inawapeleka wapi. Yako ilikupeleka wapi?"

Manila akapiga magoti palepale kwenye vipande vya vitambaa. "Nikuoe. Twende pamoja, popote."

Sindano akaketi. Sauti yake ikashuka.

"Nakupenda, usidhani imeisha. Ningekuwa peke yangu ningeshakusamehe, tena tungecheka. Lakini nina mtoto. Nikilala karibu na wewe, nitaogopa hata kuota kwa sauti."

Afisa wa ulinzi wa wakimbizi alikuwa amemtafutia mji mwingine. Mji gani, alijua yeye na afisa huyo tu.

"Kesho utusindikize," akamwambia. "Ila kwa sharti langu."

Kituoni mabasi yalikuwa mengi, kila moja na njia yake. Sindano, kilemba cheusi kichwani, akamshika Manila mabega akamgeuza uso ukutani, pale kwenye ofisi ya tiketi.

"Usigeuke mpaka yaondoke yote."

"Hata kukupungia?"

"Hata kunipungia. Usichokijua hakitakutoka."

Manila akasimama. Injini zikaunguruma nyuma yake. Akasikia sauti ndogo ya yule binti, "Mjomba Manila, mbona umeununia ukuta?" Hakugeuka. Dirishani Sindano aliutazama mgongo ule mpaka basi likakata kona; anatamani ageuke, na anaogopa asije akageuka.

Baadaye mpiga debe akamgusa. "Kaka, yameondoka yote. Wewe ulikuwa unakwenda wapi?"

"Sijui," Manila akajibu.