Geti la Yandiloo

Kila asubuhi ya safari ile kazi zilikuwa zilezile. Baba, Rodney Noske, alikagua magurudumu ya trela la kulala. Mama alichemsha chai kwenye kopo lililokuwa jeusi kwa moshi. Brodie, mwenye miaka kumi na minne, alizima moto na kufukia shimo la choo. Tegan, mwenye miaka kumi na miwili, aliosha vyombo na kushughulikia mageti. Barabara zile za vumbi jekundu hupita katikati ya ranchi, na sheria ya mageti mtoto huijua kabla hajajua kusoma: liache kama ulivyolikuta. Lililo wazi libaki wazi, lililofungwa libaki limefungwa.

Brodie alikuwa amembandika dada yake jina la Nusu. Alidai kwamba sahani anaziosha nusu, hema analikunja nusu, hata akitumwa kuni hurudi na nusu ya mzigo. Jina lile lilimchoma Tegan, hasa kwa kuwa lilikuwa na ukweli.

Usiku mmoja walilala bure kwenye kijito kikavu ndani ya ranchi ya Yandiloo. Mwenye ranchi aliwaruhusu wasafiri kulala pale chini ya miti bila kulipa chochote, mradi wafuate sheria. Palikuwa na hori la maji lililojazwa na pampu ya upepo, na ili kulifikia ulipita kwenye geti la chuma. Geti lile walilikuta wazi, limefungiwa kwenye nguzo kwa waya ili lisirudi.

Asubuhi, wazazi wakiwa bado wanafunga mizigo, Tegan alitangulia getini kwa miguu. Aliufungua waya, akapanda juu ya geti na kubembea. Kubembea kwenye geti ni mwiko, na yeye alijua. Gari lilipokuja alilishikilia geti wazi, na baba akamwambia kupitia dirishani alifungie tena kwenye nguzo kama lilivyokuwa.

Waya ulikuwa umeshika kutu. Alipousokota ulikatika. Aliposokota kipande kilichobaki, nacho kikakatika, na geti kwa uzito wake likarudi polepole mpaka likajifunga. Mbele, asikoweza kuliona geti kwa sababu ya trela, baba alipiga honi. Tegan alifikiria kumwita. Kisha akasikia Brodie akiuliza kwa sauti kama Nusu ameshafika nusu ya kazi. Aliliacha geti na kukimbia garini.

"Tayari?" baba akauliza.

"Tayari," akajibu.

Walisafiri kilomita themanini tu, springi ya trela ikavunjika. Wakajikokota hadi kituo cha mafuta, wakapiga kambi nyuma yake pamoja na wasafiri wengine. Springi mpya ingeletwa na lori baada ya siku tatu. Joto lilikuwa digrii arobaini na nne.

Jioni hiyohiyo akafika mzee mmoja aliyeitwa Alby, peke yake kwenye gari kuukuu la kijani. Baba alikuwa chini ya trela akifungua springi, na mama akamtuma Tegan ampelekee mzee chai. Mzee Alby alikuwa mtu wa maneno mengi. Alimweleza kwamba mchana alipumzika Yandiloo, akalikuta geti limefungwa, akapita na kulifunga kama sheria inavyotaka.

"Ila nimeshangaa kidogo, mjukuu wangu," akasema. "Ukame kama huu, geti lile huwa wazi. Kondoo wanalisha upande wa barabarani na maji yako upande wa pili. Nikasema basi, mama mwenye ranchi kawahamisha. Maana wasipohama, siku mbili tatu hawamalizi."

Tegan aliukumbuka ule waya uliokatika. Kituoni kulikuwa na simu. Ilikuwa hatua thelathini kutoka aliposimama. Aliitazama, akarudi kwenye hema lao, akajilaza na kujiambia kwamba bila shaka kondoo wamehamishwa.

Siku ya pili alijiambia hivyohivyo. Chakula hakikushuka. Mama alimpima homa kwa kiganja na kumwambia anywe maji zaidi. Tegan alikunywa, na kila funda lilimkumbusha hori la Yandiloo.

Siku ya tatu asubuhi likaingia gari la mizigo, akashuka mwanamke mrefu mwenye viatu vilivyotapakaa matope na damu. Alikuwa Bi Noelene Haddrick, mwenye ranchi. Hakusalimia. Jirani yake alikuwa ameona gari la kijani likitoka kijitoni, na dereva wake akishuka kufunga geti. Alimwendea Mzee Alby moja kwa moja.

Mzee alisema alilikuta limefungwa. Baba, aliyekuwa karibu, akasogea. Alimwambia Bi Haddrick kwamba wao waliondoka asubuhi ileile wakaliacha wazi, na waya aliufunga binti yake mwenyewe.

"Siyo uongo huo, mama, ni uzee tu," akaongeza. "Kichwa kimechoka."

Wasafiri wachache wakacheka. Brodie naye akacheka. Mzee Alby alimtazama baba, kisha akautazama mkono wake mwenyewe, kama anayejaribu kukumbuka ulichofanya. Sasa hata yeye alianza kujitilia shaka.

"Usikanyage tena kwangu," Bi Haddrick akamwambia. "Na kijito nakifunga. Hapana msafiri atakayelala pale tena."

Mzee alianza kukunja kiti chake taratibu. Tegan hakuweza kuvumilia kumwona.

"Nilibembea kwenye geti, na nilipolifungia tena waya ulikatika," akasema. "Geti likajifunga lenyewe, nikaliacha. Na siku ileile babu aliniambia kuhusu kondoo. Nilijua."

Hakuna aliyecheka. Baba aliona aibu, akamwomba mzee radhi mbele ya wote. Mzee alitikisa kichwa tu na kuendelea kukunja kiti. Aliondoka bila kunywa chai yake ya asubuhi.

Bi Haddrick hakupiga kelele. Alimwambia baba kwamba ana kazi na mikono haimtoshi, na familia nzima imfuate.

Walisikia harufu kabla ya kuliona geti. Bi Haddrick alikuwa amelifungua alfajiri, na kondoo waliokuwa na nguvu walishakunywa. Wengine walilala wamerundikana pale pale, vichwa vimeelekea kwenye maji waliyoweza kuyaona. Kunguru walikuwa wamewatoboa macho baadhi yao wakiwa bado hai. Bi Haddrick alipita na bunduki akiwamaliza mmoja mmoja, na akina Noske wote wanne wakavuta mizoga hadi kwenye shimo mpaka jua likakaribia kutua. Brodie alitapika mara mbili. Neno Nusu halikutoka kinywani mwake siku ile, wala siku zilizofuata.

Kazi ilipokwisha Bi Haddrick alimpa Tegan waya mpya na koleo, akasimama kumtazama akilifunga geti kwenye nguzo.

"Waya kukatika ni ajali," akasema. "Hata mimi zimenikatikia nyingi. Kubembea ni utoto. Lakini jioni ile ungesema, ningefika hapa kabla ya usiku, na wote hawa wangekuwa hai. Hawakuuawa na geti, binti. Wameuawa na kimya chako cha siku mbili. Kosa ukilisema mapema huwa dogo. Ukilificha linakula, na halikuli wewe peke yako."

Kisha akasema kijito atakiacha wazi kwa wasafiri, kwa kuwa ukweli ulisemwa, ingawa ulichelewa.

Walipoondoka, Tegan alipanda garini, vidole vimechanika. Baba hakumuuliza kama yuko tayari. Alishuka, akatembea hadi getini, akauvuta waya kwa mkono wake mwenyewe mara mbili, ndipo akarudi kwenye usukani.

"Nitakuwa naangalia mwenyewe," akamwambia bila ukali. "Mpaka siku nitakayoweza kuacha."